Nimepewa Jumamosi ya sayansi chekechea, na volkano yangu imebuma. Nisaidieni

FundiMajokofu

Wakuu, habari za wakati huu. Mdomo wangu umeniponza. Kwenye kikao cha wazazi wa darasa la binti yangu (ana miaka minne na nusu) mzazi mmoja alisema watoto wadogo hivi sayansi hawaiwezi. Nikadakia: sayansi si ngumu, ni kuangalia tu. Mwalimu akaandika jina langu palepale. Sasa nina Jumamosi moja, saa moja na nusu, watoto 14 wa miaka mitatu hadi mitano, kila mmoja na mzazi au mlezi wake. Zimebaki siku 17.

Mimi ni fundi majokofu. Gesi, kompresa, mabomba, hayo nayajua. Watoto wadogo nawajua wawili tu, na wote wangu.

Jana nikafanya majaribio nyumbani. Nikatengeneza ile volkano ya kila mtu: mlima wa udongo, katikati kichupa, ndani magadi soda, juu yake siki niliyoitia rangi nyekundu. Povu likatoka vizuri sana. Binti akaruka, "Tena!" Tukarudia. "Tena!" Mara sita, mpaka siki ikaisha. Ndipo nikamkalisha nikamweleza habari ya asidi na besi na gesi ya kaboni dioksaidi, kwa lugha nyepesi kuliko zote nilizonazo. Alinisikiliza huku anachokonoa udongo kwenye kucha. Jioni mama yake alipomuuliza baba kakufundisha nini, akajibu, "Baba alimwaga siki."

Na ni kweli, nilimwaga siki.

Sasa kilichonifanya niandike. Wakati wa kuoga alikuwa amebaki na kizibo cha bati cha ile chupa ya siki. Akakiweka taratibu juu ya maji, kikaelea. Akakigusa ukingoni kwa kidole, maji yakaingia, kikazama. Akanyamaza. Akakitoa, akakimwaga, akakirudisha: kikaelea. Akakitia maji nusu kwa makusudi: kikaelea bado, ila chini chini. Akaongeza tone, akaongeza lingine, mdomo wazi. Maji ya kuoga yameshapoa, mama yake anaita, mtoto hasikii. Nilisimama mlangoni na taulo karibu dakika ishirini, nikajiambia kumbe sayansi ilikuwa kwenye takataka za volkano yangu.

Naombeni msaada kwa haya. Niwafanyie nini siku hiyo? Wazazi nitawazuiaje wasiwafanyie watoto wao kila kitu? (Nawafahamu, na mimi ni mmoja wao.) Na mtoto akiniuliza "kwa nini" nami jibu sina, au ninalo ila ni la kidato cha pili, nisemeje?

MwalimuWaAwali

Fundi, pole na hongera. Volkano iache nyumbani. Chukua kizibo.

Nipo chekechea miaka mingi, na kosa ninaloliona kila mwaka kwenye siku za namna hii ni lile lile: mtu mzima anafanya, mtoto anatazama, halafu mtu mzima anaeleza. Volkano inampa mtoto kitu kimoja tu cha kufanya, kushangilia. Kizibo kilimpa swali, na swali lilikuwa lake, si lako.

Weka vituo vitatu, usizidishe. Mimi ningeanza na maji: mabeseni manne mapana, kila moja watoto watatu au wanne. Usilete vitu thelathini, leta vinane. Viwepo vya kumdanganya mkubwa pia: mshumaa mnene mzito unaelea, ufunguo mdogo unazama. Machungwa mawili, moja lina ganda, jingine umelimenya. Kabla kitu hakijagusa maji, mtoto akishike, akipime mkononi, kisha akiweke kwenye kitambaa chekundu kama anaona kitazama au cha bluu kama anaona kitaelea. Hatua hiyo usiiruke. Asipokisia kwanza, hata chungwa likizama halitamshangaza, kwa sababu hakuwa na lolote la kupoteza.

Na wewe usiseme "umepata" wala "umekosa". Kitu kikizama kitambaa kitasema chenyewe.

Cha pili, kumimina. Vikombe virefu vyembamba, vifupi vinene, majagi, faneli. Hapo utakutana na kisa cha Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi. Ukimimina maji yaleyale kutoka kikombe kinene kwenda chembamba, mtoto wa miaka minne atakuambia sasa yamekuwa mengi, kwa sababu yamepanda juu. Atakuambia hivyo hata kama amekuona unamimina. Wengi wanavuka hapo wakikaribia miaka saba. Usibishane naye. Waonye wazazi mapema wasibishane naye.

Cha tatu chagua mwenyewe, ila kiwe kikavu, maana kwenye vile viwili watalowa.

Kuhusu wazazi: sheria ni mikono nyuma ya mgongo. Si mzaha, waambie mlangoni. Wape maneno matatu tu ya kusema: "Unaona nini?", "Unadhani itakuwaje?", "Tufanyeje tujue?" Watakaa na njaa ya kueleza, waache na njaa yao. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha utafiti ambao huwa nauhadithia kila mzazi mpya. Watoto wa umri wa chekechea walipewa kifaa cha kuchezea chenye mambo manne ya siri. Kundi moja mtu mzima aliwaonyesha kama mwalimu, "tazameni kinavyofanya kazi", akawafunulia jambo moja. Kundi lingine mtu mzima alilivumbua jambo hilohilo kama kwa bahati, "ee, kumbe!" Waliofundishwa walicheza muda mfupi zaidi na wakagundua mambo machache zaidi. Waliona mwalimu ameshamaliza, basi hakuna kilichobaki.

Kisiki_Mkavu

Miaka mitatu? Mwacheni mtoto acheze. Mmeshawageuza maprofesa hata kufunga kamba za viatu hawajui.

MwalimuWaAwali

Ndugu Kisiki, soma tena habari ya kizibo. Hapo alikuwa anafanya nini?

MezaYaKemia

Mimi ni wa sekondari, kemia, kwa hiyo volkano naitetea kidogo. Tatizo lake ni kwamba kila mtu anatazama povu. Wewe fundi majokofu ungepaswa kuliona la kwako: siki na magadi soda vinapochanganyika vinapoa. Weka magadi kwenye kikombe chembamba cha bati au plastiki, mtoto akishike kwa viganja viwili, ndipo umimine siki. Povu linapanda na kikombe kinageuka baridi mikononi mwake. Hakuna jokofu, hakuna barafu. Mtoto wangu alikiachia kwa mshtuko.

Kituo kikavu ninacho. Manjano ya unga, koroga na maji kidogo, paka kwenye karatasi nyeupe, anika. Zinatoka karatasi za njano. Siku yenyewe mpe mtoto pamba yenye maji ya sabuni ya kipande ya kufulia, achore: mstari unatoka mwekundu. Mpe pamba nyingine yenye siki, apite juu ya mstari: unarudi njano. Sabuni za maji za siku hizi nyingine hazifanyi hivyo, kwa hiyo jaribu yako kwanza. Manjano hayatoki kwenye nguo, waambie wavae za kazi.

Mambo mawili ya kuepuka. Utasikia ushauri kwamba karatasi ya foili ukiikunja mtumbwi inaelea, ukiifinya donge inazama. Donge la foili la mkono wa mtoto lina hewa tele ndani, litaelea, utaaibika. Tumia udongo laini wa rangi wa kuchezea, ule usioyeyuka majini. Donge linazama kweli, na udongo uleule ukitandazwa na kuinuliwa kingo unaelea. Pili, achana na mshumaa unaofunikwa glasi kwenye sahani ya maji. Mbali na moto wenyewe, maelezo tuliyokaririshwa, kwamba maji yanapanda kujaza nafasi ya oksijeni iliyoliwa, si sahihi. Yanapanda zaidi kwa sababu hewa iliyopashwa joto inapoa na kusinyaa mshumaa unapozimika. Ndiyo maana yanapanda kwa ghafla mwishoni, si polepole tangu mwanzo. Nimelifundisha kwa makosa miaka kadhaa, natubu hapa.

Swali lako la "kwa nini". Neno densiti (uzito wa kitu ukilinganisha na ukubwa wake) lisitoke kinywani. Chukua chupa ya lita moja, tupu, imefungwa vizuri, mwambie mtoto aizamishe yote kwenye ndoo. Hataweza kirahisi. Kuikandamiza mpaka ipotee ni kama kukandamiza uzito unaokaribia kilo moja. Akihisi mikono inarudishwa juu, mwambie hivi tu: "Maji yanasukuma." Amelihisi mwenyewe. Mengine atayapata kwangu akifika kidato cha pili.

Bibi_Bustani

Wanangu, mmeongea vizuri, ila Jumamosi ikiisha inakuwa imeisha. Wape cha kwenda nacho nyumbani. Kopo angavu, kitambaa chenye unyevu ndani, punje mbili za maharage zimebanwa kati ya kitambaa na ukuta wa kopo ili mtoto azione. Kila siku anatia maji kidogo, kitambaa kisikauke wala punje zisiogelee. Baada ya siku tatu, nne, mzizi unachungulia. Ukiwa mrefu kama ukucha, laza kopo ubavu, uliache hivyo. Kesho yake, au keshokutwa, mzizi umepinda unaelekea chini tena. Liinue, nao utapinda upya. Mjukuu wangu aliligeuza lile kopo kila asubuhi kabla ya uji, mzizi ukawa kama ngazi. Aliniuliza maharage yamejuaje chini ni wapi na macho hayana. Hilo swali nimekaa nalo mpaka leo, sina haraka nalo.

MamaWatatu

Shikamoo Bibi. Maharage nayapenda, ila naomba punje zikae mkononi mwa mzazi mpaka ziingie kopo. Mpwa wangu aliisukuma moja puani kwenye shughuli ya namna hii, na ikavimba humo humo kwa sababu ndiyo kazi yake. Tulimaliza siku hospitali. Na mabichi yasitafunwe, yana sumu ambayo huondoka kwa kuchemshwa vizuri.

Fundi, mtu atakushauri ulete sumaku. Kubwa za kushika kwa mkono, sawa. Zile ndogo zenye nguvu, kataa kabisa. Mtoto akimeza mbili zinavutana zikiwa sehemu tofauti za utumbo na kuubana katikati mpaka unatoboka. Vivyo hivyo kitu chochote chenye betri za duara kama kifungo: ikikwama kooni inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Kipimo changu cha vitu vingine ni kile kigogo cha ndani cha karatasi za chooni. Kinachopita humo mtoto wa miaka mitatu hapewi. Ufunguo wa mwalimu uwe kwenye mzingo mkubwa.

Mabeseni yamwagwe mara tu kituo kinapofungwa. Si baada ya kupiga picha. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache.

FundiMajokofu

Wakuu, imepita. Naandika Jumamosi hii hii usiku, nikiwa na vidole vya njano.

Watoto walikuja 12, na wazazi 15, sijui hesabu hiyo ilikwendaje. Mlangoni nilisema sheria ya mikono mgongoni, watu wakacheka, nikarudia bila kucheka. Walishika kama dakika nne. Baba mmoja alimpokonya mwanawe udongo akajenga mtumbwi wenye chumba cha nahodha. Ukazama. Mwanawe akachukua kipande chake, akakibonyeza kwa kiwiko kikawa bakuli bovu lisilo na umbo, likaelea. Yule baba akarudisha mikono mgongoni mwenyewe.

Kwenye kumimina, mwalimu, ulinionya na mimi nikawaonya, na bado mama mmoja alibishana na kijana wake dakika tano nzima. "Ni yaleyale! Si umeniona?" Mtoto: "Nimekuona. Hapa ni mengi." Akamimina tena, na tena, sauti inapanda. Mwisho mtoto akamwonea huruma akamwambia, "Basi mama, chukua wewe haya mengi."

Lakini nataka kuwasimulia chungwa.

Wote, watoto na wazazi, waliliweka lenye ganda kwenye kitambaa chekundu, maana ndilo zito. Likaelea. Wakaliweka lililomenywa kwenye bluu, maana ni jepesi zaidi na kaka yake ameelea. Likazama mpaka chini. Kimya kikapita pale mezani ambacho kwenye volkano sikukipata. Mimi jibu nilikuwa nalo: ganda lina vinafasi vingi vya hewa. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikashika mikono yangu nyuma kwa nguvu.

Mtoto wa kike wa miaka mitatu, mdogo kuliko wote, akasema, "Limezama kwa sababu linasikia baridi. Limevuliwa nguo."

Wazazi wakacheka. Nikakumbuka yale maneno matatu, nikamuuliza, "Tufanyeje tujue?" Akafikiri. Akavuta leso ya bibi yake. "Tulivishe."

Tukalivisha. Bibi mtu akafunga fundo. Mtoto akaliweka majini, na wakuu, halikuzama! Lilibaki linaning'inia juu kidogo, leso imetuna. Yule mtoto akainua mikono kama aliyefunga goli. Mimi jasho. Nikawaza sasa nimemfundisha uongo mbele ya watu 27. Kisha leso ikaanza kutoa viputo, kimoja kimoja, halafu vingi, na chungwa likateremka polepole mpaka chini. Binti yangu mwenyewe, aliyekuwa kimya muda wote, akasogea akabinya leso ndani ya maji. Vikatoka viputo vya mwisho. Akaangalia lile lenye ganda. Akalichukua, akalibinya kwa vidole viwili chini ya maji kwa nguvu zake zote. Vikapanda viputo viwili vidogo sana pale kwenye kikonyo.

"Na hili nalo," akasema.

Sikusema kitu. Mzee mmoja pembeni akasema, "Hewa?" kwa sauti ya mtu anayeuliza, si anayefundisha. Na watoto wakaanza kubinya kila kitu kilichokuwa mezani, pamoja na mshumaa na jiwe.

Kikombe cha baridi hatukukifikia, muda ulikwisha. Karatasi za manjano zilipendwa kupita kiasi, na kuna kola tatu za mashati ambazo wenyewe wanaijua simu yangu. Makopo ya maharage yameondoka mikononi mwa wazazi, MamaWatatu, punje nilizihesabu mimi. Mabeseni niliyamwaga kabla ya picha, ndiyo maana picha zote zina mabeseni matupu.

Ndugu Kisiki, kamba za viatu bado hajui. Nalifanyia kazi.

Sasa jingine. Tumefika nyumbani, nimemtilia maji ya kunywa na kipande cha barafu, akakisukuma chini kwa kidole. Kikarudi juu. "Baba, hii ni maji. Mbona maji yanaelea juu ya maji?" Hili ni langu kabisa, nimelipwa nalo miaka yote: maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, ndiyo maana mabomba yanapasuka na mimi naitwa. Kinywa kikafunguka. Nikakifunga. Tufanyeje tujue? Amechukua glasi, akatia maji, akachora mstari kwa kalamu mahali yalipofika, tukaiweka kwenye friza. Anasema asubuhi yatakuwa chini ya mstari, kwa sababu yatajikunyata kwa baridi.

Mstari nitawaletea kesho.

MwalimuWaAwali

Fundi, umesema glasi? Itoe sasa hivi, weka kikombe cha plastiki.

FundiMajokofu

Mwalimu, na mimi ndiye fundi majokofu. Nimeitoa. Amechora mstari mpya, anasema huu ni mzuri zaidi.